Sonona haitibiwi kwa chupa isiyo na jina la mmea

Mhariri,

Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma katika kurasa za matangazo madogo, na kusikia redioni nyakati za jioni, habari za dawa zinazodaiwa kumaliza sonona na wasiwasi kwa siku chache tu, na karibu kila tangazo huhitimishwa kwa ahadi ile ile kwamba dawa hiyo ni ya asili na haina madhara. Nilifanya kazi ya uuguzi katika kliniki za afya ya akili hadi nilipostaafu, na naomba nafasi niwaeleze wasomaji wako kile ambacho matangazo hayo hayasemi.

Tiba ya asili iliyothibitishwa zaidi haiuzwi popote. Mtu mwenye sonona isiyo kali ambaye hutembea kwa mwendo wa haraka nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, anatimiza zile dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani huwashauri watu wazima wote kuzifikia, na tafiti nyingi zimeonyesha kwamba mazoezi ya namna hiyo hupunguza dalili zake. Ugumu uliopo ni kwamba ugonjwa wenyewe humnyang'anya mtu hamu ya kufanya lolote, kwa hiyo kumwambia ajikaze ni kumwongezea mzigo. Sisi kliniki tulikuwa tukimwomba ndugu au jirani ampitie mgonjwa asubuhi, watoke pamoja mpaka gengeni na kurudi, kisha kesho yake wasogee mbele kidogo, bila kusubiri hamu irudi kwanza, kwa sababu katika sonona hamu hurudi baada ya mtu kuanza kutenda.

Usingizi nao unahitaji ulinzi kuliko wengi wanavyodhani. Kahawa inayonywewa saa kumi jioni huacha karibu nusu ya kichangamshi chake mwilini hadi saa tatu usiku, na vijana wa bodaboda wanaoshindia vinywaji vya kuongeza nguvu hujikuta usiku moyo unakwenda mbio, wakaamini kwamba wamerogwa au wana ugonjwa wa moyo. Pombe humlaza mtu haraka lakini humwamsha saa tisa usiku akiwa na mawazo mazito zaidi. Kuamka saa ile ile kila siku, hata baada ya usiku mbaya, husaidia kuliko kulala mchana ili kufidia.

Mchaichai sina ugomvi nao hata kidogo. Wasiwasi wangu ni juu ya chupa. Mgonjwa mmoja aliwahi kunionyesha aliyouziwa: lebo ilikuwa na picha ya jani, namba ya simu, na orodha ya maradhi kuanzia sonona, presha na vidonda vya tumbo hadi upungufu wa nguvu za kiume, lakini jina la mmea halikuwepo, wala kipimo cha kilichomo. Hilo si jambo dogo. Mmea uitwao St John's wort, unaotumika sana Ulaya na sasa unauzwa hata kupitia mitandao, umeonekana katika tafiti kuwa unaweza kupunguza sonona isiyo kali. Lakini mmea huo huo hulifanya ini livunje dawa nyingine haraka kuliko kawaida, na mwaka 2000 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba unapunguza nguvu ya dawa za VVU. Dolutegravir, iliyomo katika kidonge cha ARV ambacho watu wengi hapa nchini wanakitumia, nayo huathirika, na vidonge vya uzazi wa mpango vilevile. Anayeuchanganya na vidonge vya sonona vya hospitali anaweza kupata mtetemeko, homa na kuchanganyikiwa, hali ambayo huweza kuhatarisha maisha. Mama anayetumia ARV atajilindaje ikiwa chupa aliyouziwa haisemi kilichomo?

Naelewa kwa nini watu hukimbilia chupa: wanaogopa kuonekana wameketi kwenye benchi la kliniki ya akili, kwa kuwa mtaani kliniki hiyo huhesabiwa kuwa ya vichaa. Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alilihamisha benchi lenyewe. Kuanzia mwaka 2006, huko Mbare, Harare, aliwafundisha bibi wa mitaani kuketi na wenye mawazo mengi, kuwasikiliza, na kuwasaidia kuchagua tatizo moja la kuanza kulishughulikia. Utafiti uliofanyika katika kliniki 24 na kuwahusisha watu 573, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopitia kwa wahudumu hao wa jamii walikuwa na dalili chache zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sisi tuna mashangazi, makungwi na wazee wa mtaa ambao tayari watu huwapelekea siri zao. Kinachokosekana ni mafunzo.

Mtu ambaye kwa wiki mbili au zaidi amekosa raha, usingizi na hamu ya kula, na hasa anayewaza kufa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake, na aliye kwenye dawa asiziache ghafla kwa sababu ya tangazo.

Kwako Mhariri, ombi langu ni kwamba gazeti lisipokee tangazo la dawa ya sonona ambalo halitaji jina la mmea na usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na kwamba ukurasa wa afya uchapishe majina ya hospitali za mikoa na wilaya zenye kliniki ya afya ya akili pamoja na siku zake, kwa maana wagonjwa wengi niliowahudumia walikuja wamechelewa kwa kutojua tu kwamba huduma hiyo ipo karibu nao.

Muuguzi mstaafu,
Morogoro