Salamu za Krismasi kutoka Tororo

Ndugu, jamaa na majirani, mlioko hapa Tororo na nyote wa Malaba, Busia, Mbale, Kampala na hata ng'ambo: heri ya Krismasi! Nawaombea sikukuu ya amani na mwaka mpya wenye afya.

Mji umejaa tangu wiki jana. Taksi za Kampala zinashusha watu na mizigo, mafundi cherehani hawalali, na bei ya kuku imepanda kama ilivyo desturi yake kila Desemba. Nafurahi, tena nafurahi sana. Ila kila ikifika tarehe 23 moyo wangu hurudi kwenye korido ya hospitali moja.

Usiku huo mdogo wangu alijifungua. Mtoto akalia vizuri, lakini mama yake akaendelea kutoka damu, haikatiki. Muuguzi akatujia, akasema taratibu kwamba damu ya kundi lake imekwisha, imeagizwa Mbale, kwenye benki ya damu ya kanda yetu. Tukangoja. Mama yetu alikuwa na khanga mkononi; anaikunja, anaikunjua, anaikunja tena. Karibu na alfajiri kikaingia kisanduku cha barafu. Niliuona mfuko ukitundikwa: una namba, kundi la damu na tarehe ya mwisho wa kutumika. Jina la aliyetoa halikuwepo. Nikasimama pale natazama matone yanavyoshuka, moja baada ya jingine, mpaka rangi ikamrudia mdogo wangu midomoni.

Baadaye nilimuuliza yule muuguzi kwa nini damu huadimika wakati wa sikukuu. Akanijibu: "Shule zimefungwa." Sikuwa najua. Wachangiaji wengi wa damu hapa Uganda ni wanafunzi wa sekondari. Muhula ukiisha watoto wanarudi makwao, na akiba inapungua wakati uleule barabara zimejaa wasafiri, na malaria inayofuata mvua inawaacha watoto wadogo wameishiwa damu. Kuiweka mapema nayo haisaidii sana: damu hukaa kwenye jokofu takriban siku 35 tu. Iliyotolewa Oktoba haifiki Krismasi.

Nimelifikiria jambo hili miaka yote hii. Zamani nilidhani huruma ni kutoa pale ninapoona machozi. Yule aliyetuokoa hakuyaona machozi yetu. Huenda ni kijana wa kidato cha tatu aliyekunja mkono wa shati la shule, akanywa soda yake, akala biskuti, akarudi darasani kwenye hesabu. Wazee walisema tenda wema nenda zako, na huyu alikwenda zake kwelikweli. Hata asante yangu haina pa kumpata. Kwa hiyo nami hutoa. Mwanamume anaweza kutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4, na kwangu imekuwa kama kwenda kunyoa: siku ikifika, naenda.

Basi zawadi ninayoiomba kwenu sikukuu hii ni hiyo. Ukiwa mzima wa afya, una miaka kati ya 17 na 60 na kilo zako hazipungui 45, ulizia kituo cha damu kilicho karibu nawe kabla soda za mwaka mpya hazijafunguliwa. Huchukuliwa mililita 450 hivi, na hutozwi hata shilingi. Najua wapo wasioweza: wajawazito, wanaonyonyesha, wagonjwa. Ninyi msijione mmebaki nyuma. Yupo askari wa usiku ambaye Krismasi yake ni getini, yupo bibi wa jirani ambaye wanawe hawakuja mwaka huu. Sahani moja iliyofunikwa vizuri, na dakika kumi za kukaa naye anapokula, si kitu kidogo kwake.

Mtoto wa usiku ule ametimiza miaka saba. Hivi ninavyoandika anazunguka uani na gauni lake jipya la njano, hataki kulivua, na mama yake anamfukuza jikoni asije akalitia masizi. Milango iko wazi, nyama ipo, matoke yapo, na ugali wa wimbi upo kwa wanaoupenda. Karibuni sana. Krismasi njema!