Hispania haikuporwa wimbo, hesabu ndiyo iliyowaangusha

Kwa Mhariri,

Makala yenu kuhusu Eurovision, mashindano ya nyimbo ambayo kila nchi, nyingi za Ulaya, hupeleka wimbo mmoja, ilidai kwamba mwaka 2022 majaji wa Hispania waliwapora watazamaji wimbo waliouchagua. Naomba nafasi nisahihishe, maana lawama imeangukia pasipo pake. Wizi haukuwepo. Kilichokuwepo ni kanuni mbovu ya kuhesabu, tena iliyotangazwa mapema, na shirika lolote linalotafuta wimbo wa kuiwakilisha nchi linaweza kunaswa nayo.

Shirika la utangazaji la Hispania, RTVE, lilifanya mchujo wake, Benidorm Fest, Januari mwaka huo. Nusu ya alama ilikuwa ya majaji wa kitaalamu, robo ya watazamaji waliopiga kura, na robo nyingine ya jopo la wananchi waliochaguliwa kitakwimu ili wafanane na jamii nzima. Kwa kutazama juu juu utasema mgawo ni wa haki: wataalamu nusu, umma nusu. Tanxugueiras, wanawake watatu wanaoimba Kigalisia, lugha ya kaskazini-magharibi mwa Hispania, walizoa asilimia 70.75 ya kura za watazamaji. Mwimbaji Rigoberta Bandini alipata 18.08, na mwenzake Chanel 3.97. Tanxugueiras waliongoza pia kwenye jopo la wananchi. Hata hivyo, aliyekwenda Turin, Italia, kwenye Eurovision ya mwaka huo, ni Chanel.

Ilikuwaje? RTVE haikugawa alama za umma kwa uwiano wa kura, bali kwa nafasi: wa kwanza 30, wa pili 25, wa tatu 20. Kwa hiyo Tanxugueiras, waliopata kura karibu mara 18 ya zile za Chanel, walimzidi kwa alama 10 tu. Kwenye jopo la wananchi walimzidi kwa 5. Umma wote, basi, uliwapa faida ya alama 15. Majaji walimpa Chanel 51, Bandini 46 na Tanxugueiras 30, yaani pengo la 21 kwa upande wa Chanel, na mchezo ukaishia hapo. Jumlisheni wenyewe: Chanel 96, Bandini 91, Tanxugueiras 90. Kelele zilifika hadi bungeni, na Chanel akatukanwa mitandaoni kwa kosa la kufuata kanuni ambazo hakuziandika yeye.

Wapo wanaosema matokeo ya Turin yaliwapa majaji haki, kwa kuwa Chanel alishika nafasi ya tatu kwa alama 459, na Hispania haikuwa imefanya vizuri hivyo tangu 1995. Hoja hiyo siikubali. Tanxugueiras hawakupanda jukwaa lile, kwa hiyo hakuna cha kulinganisha.

Dawa ya kwanza ni kugawa alama za watazamaji kwa uwiano wa kura, kama wafanyavyo Finland kwenye mchujo wao, UMK, ambako umma una asilimia 75 na majaji wa nje 25. Hapo anayependwa kweli anaonekana. Lakini uwiano nao una hatari yake: msanii mwenye jeshi la mashabiki wasiochoka kubonyeza simu anaweza kuwameza wengine wote. Sweden waliliona hilo. Tangu 2019, kura za programu yao ya simu katika mchujo wao, Melodifestivalen, hutengwa kwa makundi ya umri, na kila kundi hutoa alama zake, 12 kwa wimbo wa kwanza, kama vile ni nchi. Vijana hawawafuniki wazee, wala wazee vijana. Nusu nyingine ya alama hutoka kwa majaji wa nchi za nje, jambo la busara, kwa sababu hao ndio wanaousikia wimbo kwa masikio ya wale watakaoupigia kura Mei, kwenye Eurovision yenyewe.

Mkataba nao usainiwe kabla ya mchujo, si baada yake. Ujerumani mwaka 2015, Andreas Kümmert alishinda, akajitoa papo hapo jukwaani. Akaenda Ann Sophie, akarudi na sifuri. Ukraine mwaka 2019, Maruv alishinda mchujo lakini hakuelewana na shirika la utangazaji juu ya masharti, na nchi haikushiriki kabisa. Italia wao wamejipanga: mshindi wa Sanremo, tamasha lao la nyimbo, huulizwa kama atakwenda, na Olly alipokataa mwaka 2025 nafasi ikamwendea Lucio Corsi, aliyekuwa wa pili. Kazi inayobaki huwa ni kuukata wimbo uliozidi dakika 3, maana Eurovision haipokei zaidi ya hapo.

Mwisho, makala ilisema sisi huku Afrika Mashariki ni watazamaji tu. Tangu 2023 mtu aliye Nairobi au Dar es Salaam anaweza kupiga kura kwenye intaneti akilipia kwa kadi. Ila kura za nchi zote zisizoshiriki huwekwa kapu moja na kuhesabiwa kama nchi moja, kwa hiyo wimbo mmoja hauwezi kupata kutoka kwetu sote zaidi ya alama 12.

Msomaji wenu,
Tanga