Usianze na "vumilieni"

Moshi

Mpendwa dada Neema,

Hujambo, na nyumbani hawajambo? Huku sote wazima, masika tu ndiyo yametukalia. Nimefurahi kusikia utawasimamia wanafunzi wa mwaka wa nne wodini hapo Arusha. Umeuliza uwafundisheje ustahimilivu na maadili ya kazi. Usiandae mhadhara. Mambo haya wanayachukua kwako, kwa jinsi unavyopokea simu usiku na unavyofanya mgonjwa akifariki.

Nianze na simu. Wazoeze kumweleza mkubwa wao kwa mpangilio mmoja: hali ya sasa, historia fupi, wanadhani tatizo ni nini, wanaomba nini. "Dokta, mama wa kitanda cha sita anapumua mara 34 kwa dakika, oksijeni 86." Hapo aliyelala ameshaamka. Wengi huanza na historia tangu mgonjwa alipotoka Rombo, mkubwa anachoka, anafoka, na kesho yake mwanafunzi hapigi tena. Anayeumia ni mgonjwa. Ombi ndilo husahaulika zaidi: "Naomba uje umwone sasa" si sawa na "nilikuwa nakutaarifu tu". Wafanye zoezi hilo wawili wawili dakika 5 kabla ya raundi. Na wewe ukipigiwa kwa jambo dogo, shukuru kwanza, sahihisha baadaye.

Kuhusu kifo, hapa ndipo tunapowaharibu. Mtoto amefariki saa nne, saa nne na robo raundi inaendelea kama kawaida, na anayetokwa na machozi anaambiwa avumilie, sisi tulipitia makubwa zaidi. Anachojifunza ni kujificha. Tenga dakika 10 ndani ya zamu hiyohiyo, mkae chini, mlango ufungwe, na muuguzi aliyekuwepo awemo. Maswali yawe mepesi: nini kilitokea na kwa mfuatano gani, nini kilikwenda vizuri, kipi kilikuwa kigumu, kesho tubadilishe nini. Kutafuta aliyekosea kuna kikao chake. Ukichanganya, watanyamaza wote. Wala usimlazimishe mtu aeleze anavyojisikia papo hapo, kunaweza kumwongezea mzigo. Mwache, kisha mtafute siku mbili tatu baadaye, peke yake.

Familia nayo ipewe habari wakiwa wamekaa, si koridoni. Mwanafunzi akusikilize ukitamka "amefariki". Ukisema "hali ilibadilika", watu wanabaki wanauliza watamwona saa ngapi.

Suala la kuchomwa sindano kwa bahati mbaya kazini usiliache. Siku ya kwanza uliza nani hajamaliza dozi 3 za chanjo ya homa ya ini B. Kisha waambie: ukichomwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, usipake jiki, toa taarifa mara moja. Dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa chache, zisipite saa 72, na zimezwe siku 28. Wanaochelewa wengi wanajua haya yote; wanaogopa kuonekana wazembe. Kwa hiyo anayekuja kutoa taarifa asigombezwe mbele ya watu, hata kama kweli alikuwa anarudishia kifuniko cha sindano.

Maadili mengine ni madogo na yanaonekana. Bibi aamkiwe shikamoo kabla ya kuguswa tumbo. Asiitwe "ile presha ya kitanda cha tatu". Kama anasema Kimaasai tu, msimpe mjukuu wa miaka kumi kazi ya kutafsiri habari za uchafu wa ukeni. Mtafuteni muuguzi anayeijua lugha. Mwanafunzi akijibu "sijui, nitaangalia" kwenye raundi, mpongeze, kisha kesho mdai jibu.

Mwangalie aliyeanza kuchelewa, aliyeacha utani, anayewazungumzia wagonjwa kwa dharau. Mara nyingi huyo si mkorofi, amechoka. Tamko la Geneva, kiapo cha madaktari cha tangu 1948, liliongezewa mwaka 2017 ahadi ya daktari kutunza afya yake mwenyewe, kwa hiyo kumtuma akalale baada ya zamu ya usiku si kumdekeza. Ila ratiba ikiwa mbovu, hakuna ushauri utakaoitibu. Pigania ratiba kwanza.

Nitumie hiyo ratiba yao kabla hujaisaini, tuitazame pamoja. Msalimie shemeji na watoto.

Wako,
Anna