Msisubiri aache unga ndipo atibiwe ini

Ndugu Mhariri,

Kila Julai 28, Siku ya Homa ya Ini Duniani, tunahimizwa kupima. Sawa. Ila hapa Tabora wapo wanaojidunga unga, yaani heroini, ambao wakigundulika na homa ya ini aina C huambiwa, "Acha kwanza unga, ndipo urudi."

Kitabibu kauli hiyo haina mashiko. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba karibu kila mtu mzima mwenye maambukizi sugu (ya muda mrefu) ya virusi hivi atibiwe, anayejidunga akiwemo. Dawa zenyewe, kama sofosbuvir na daclatasvir, ni vidonge vya kumeza, kwa kawaida wiki 12, na zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa hupona kabisa. Mvuta sigara mwenye TB hatumnyimi dawa mpaka aache sigara; huyu kakosa nini? Tena aina C haina chanjo kama aina B. Virusi vyake vinaweza kukaa hai wiki kadhaa ndani ya bomba la sindano lililotumika, kwa hiyo ukimfukuza mmoja, wanaochangia naye bomba nao wamo hatarini.

Vikwazo havianzii kwa daktari. Anayehofia kukamatwa na bomba mfukoni hatembei na jipya, ataazima la mwenzake. Mwenye arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, hawezi kukaa foleni tangu asubuhi mpaka mchana, tena huku akisemwa na waliokaa naye benchi. Kipimo cha kwanza nacho huonyesha tu kwamba aliwahi kuambukizwa. Kujua kama virusi bado vimo kunahitaji kipimo cha pili. Hapo ndipo "njoo wiki ijayo" inapowapoteza wengi. Mashine za GeneXpert tunazopimia TB zina uwezo wa kupima virusi hivi pia, zikipatiwa katriji zake.

Kliniki za methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini, zilizoanza Muhimbili mwaka 2011, kwa kawaida humwona mteja kila siku. Dirisha analonywea methadoni lingeweza kumpa na kidonge cha ini. Asiye na kliniki hiyo karibu apelekewe kipimo kijiweni, na waliowahi kutumia unga wakapata nafuu wawe mbele, maana wao hawakimbiwi.

Namwomba Mganga Mkuu wa Mkoa atujibu kupitia ukurasa huu: anayejidunga hapa Tabora akapime wapi, dawa atazipata wapi, na kwa shilingi ngapi?

Muuguzi mstaafu,
Isevya, Tabora