Barua ya wazi kwa shangazi: msilibomoe lile kanisa la zamani

Shikamoo shangazi, na Bwana asifiwe. Siku ile uliponiambia kwenye simu kwamba wazee wa usharika mmeshakaa na mmekubaliana lile kanisa la mawe livunjwe lijengwe kubwa zaidi, nilinyamaza, wewe ni mkubwa wangu na siwezi kukubishia. Ila juzi nimerudi kutoka Wales, nchi ndogo jirani na Uingereza, na moyo umekataa kutulia, nikaona bora nikuandikie hapa hadharani maana najua na wajumbe wenzio wako huku mtandaoni.

Nilikwenda vijijini kabisa shangazi. Ukifika kijiji cha Llangynog unaacha barabara kubwa unaingia kinjia cha gari moja, mkikutana na mwenzio mmoja wenu arudi nyuma mpaka apate pa kupishana, milima huku na huku na kondoo tu, kama maili 2 hivi mpaka njia inaisha, na pale inapoishia ndipo lilipo kanisa la Pennant Melangell. Dogo mno, uwanja wake wa makaburi wa duara, umezungukwa na miti minene ya kijani iliyokolea inayosemekana ina miaka kama 2,000, yaani ilikuwepo kabla ya kanisa lenyewe. Mlango nikausukuma tu nikaingia.

Wenyeji wanasimulia kwamba Melangell alikuwa binti wa mfalme wa Ireland, alikimbia kuozeshwa akaja kujificha kwenye bonde lile kusali. Siku moja mtawala mmoja anaitwa Brochwel akawa anawinda na mbwa wake, sungura akakimbilia chini ya gauni la yule binti na mbwa wakagoma kusogea, basi yule mtawala akampa bonde lote liwe mahali pa kukimbilia wanyonge. Mpaka leo sungura wa pale wanaitwa wanakondoo wa Melangell, na kisa chenyewe kimechongwa kwenye mbao za kanisa.

Sasa hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Ndani kuna kaburi la heshima la huyo mtakatifu, la karne ya 12, watu walikuwa wanakuja hija. Zilipokuja zama za Matengenezo, Waprotestanti walipojitenga na Kanisa Katoliki, kaburi hilo likavunjwa, mawe yake wakayatumia kujengea kuta na geti la makaburini, yakakaa huko mamia ya miaka. Mwaka 1958 wakalijenga tena kwa kuokota vipande vile kimoja kimoja. Nilisogea karibu nikatazama: jiwe la zamani lina nakshi za majani, linalofuata ni jipya, tupu, limewekwa kujaza tu palipokosekana, na yako mengi matupu. Nilisimama pale nikawaza lile lango la kanisa letu lenye majina ya kina Babu, shangazi, machozi yakanilenga kweli.

Bonde la jirani kuna Llanrhaeadr-ym-Mochnant, ambako padri William Morgan alifanya kazi ya kutafsiri Biblia nzima kwa Kiwelisi, lugha ya wenyeji wa Wales, ikatoka mwaka 1588. Wakati ule mahakama zilishaambiwa zitumie Kiingereza peke yake, na wengi wanasema bila ile Biblia lugha yao ingepotea. Kanisa lake bado lipo, unaenda unakaa.

Kesho yake nikateremka kusini, Llancarfan. Pale wakati wa ukarabati mwaka 2008 mtu aliona kamstari chembamba chekundu ukutani chini ya chokaa, wakaanza kukwangua taratibu tabaka kwa tabaka, kumbe ukuta mzima una michoro ya karne ya 15, Mtakatifu George juu ya farasi anamchoma joka mkuki, mfalme na malkia wanachungulia kutoka kwenye ngome yao. Hao angalau walipaka chokaa tu. Wangebomoa, kusingekuwa na cha kukwangua.

Na usidhani wao wana waumini wengi, makanisa mengi huko yamebaki na watu wachache sana. Kuna chama kinaitwa Friends of Friendless Churches, tangu 1957 kazi yao kuchukua makanisa yaliyokosa wenyewe, wanaziba paa, wanaacha mlango wazi. Nyinyi hamjakosa waumini, mmejaa mpaka watoto wanakaa nje, nalijua hilo na nafasi mnaihitaji kweli. Lakini kiwanja kile upande wa migomba si kipo? Jipya lijengwe huko, la zamani libaki la watoto na la ibada ya asubuhi.

Mawe yale Babu, yaani baba yako wewe, aliyabeba kutoka mtoni na wenzake, ulinihadithia mwenyewe tukichambua maharage. Majina yao yamechongwa juu ya lango kwa ndani, mkono wa kushoto, yameanza kufutika. Naomba kabla ya kikao mtume kijana yeyote mwenye simu nzuri akayapige picha. Na kama tatizo ni paa linavuja, mabati na mbao niachieni mimi, nitumie tu vipimo.