Goti limepona, macho bado yapimwe

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Dar. Nimefurahi mno kusikia goti la binti yako limenywea, na kwamba asubuhi haamki tena akichechemea. Ila uliposema kliniki ya macho mtaiacha kwa sababu macho yake hayana wekundu wala halalamiki, moyo ulinilipuka. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu, ili na baba yake asome.

Baridi yabisi ya watoto, huo ugonjwa wa viungo alio nao binti yako, huingia machoni kimyakimya. Uvimbe unaanzia ndani ya jicho, kwenye ile sehemu yenye rangi, na kwa nje huoni kitu: halijawa jekundu, haliumi, halitoi tongotongo. Mtoto mdogo hawezi kukwambia anaona ukungu, maana hajui wenzake wanaonaje. Na wanaopatwa zaidi ni wa aina ya binti yako: msichana, ameanza kuumwa kabla ya miaka 7, viungo vilivyovimba havizidi 4, na kipimo cha damu cha ANA (kinachotafuta kingamwili zinazoushambulia mwili wenyewe) kimetoka chanya. Mtoto kama huyo hupimwa macho kila miezi 3, hasa miaka 4 ya mwanzo. Goti likipona, ratiba inabaki palepale, kwa sababu jicho linaweza kuwaka wakati viungo vimetulia kabisa.

Kusoma herufi ukutani hakutoshi, shoga. Omba ile mashine ambayo mtoto anaegemeza kidevu, daktari anamulika mwali mwembamba wa taa huku akichungulia kwa darubini. Hapo ndipo seli za uvimbe zinaonekana zikielea kwenye maji ya jicho. Tochi haizionyeshi.

Mwanangu, mwenye ugonjwa huu huu, hakuwahi kulalamika hata siku moja. Daktari alimwekea dawa ya kutanua mboni, akaniita nitazame. Upande mmoja mboni ilifunguka, upande wa pili ikabaki imeng'ang'ania, ina kona kama jani lililoliwa na mdudu. Ilikuwa imegandana na lenzi nyuma yake. Hali hiyo ikiachwa huleta mtoto wa jicho, presha ya macho, hata upofu.

Dawa zipo. Huanza na matone ya prednisoloni ya kutuliza uvimbe (chupa itikise kwanza) pamoja na ya kutanua mboni isigande. Matone ya prednisoloni usiyaache ghafla bila daktari kusema, lakini pia yakitumika kwa wingi muda mrefu, yenyewe huleta mtoto wa jicho na presha. Ndipo huongezwa methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili: mara moja kwa WIKI, siyo kila siku, chonde chonde. Ikishindwa, kuna sindano ya adalimumabu, nayo hushusha kinga, kwa hiyo hutolewa baada ya kupima kifua kikuu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba watoto waliopata sindano hiyo juu ya methotreksati walitulia macho kuliko waliopata methotreksati peke yake. Bei yake ndiyo inaniuma. Dawa ya kuokoa macho ya mtoto haikupaswa kuwa mbali hivyo na mzazi wa kawaida.

Kama huko Tanga foleni ni ndefu, njooni hospitali ya CCBRT hapa Msasani, mfikie kwangu. Nitumie tarehe mapema niwapokee stendi ya Mbezi, na usisahau karatasi za vipimo vya damu.

Ni mimi shoga yako,
Dar es Salaam