Mvuvi mdogo asiuziwe ukubwa wa kioo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na wavuvi wenzangu wa mshipi, na zaidi na wale wanaowauzia na kuwakopesha vifaa. Mvuvi ambaye fishifainda yake, yaani kifaa cha kuonesha kina na samaki walio chini ya chombo, imekufa na anatafuta nyingine aulizwe kwanza anavua pima ngapi na chombo chake kimeundwa kwa kitu gani. Habari ya fedha ije baadaye. Huku Tanga mambo yanakwenda kinyume: mtu akiingia dukani anaoneshwa kioo kikubwa chenye rangi za kumeta, anaambiwa hiki kinaona samaki wote, kisha anatajiwa bei inayokaribia ya mashine ya mtumba.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia, na nina boti ya faiba ya mita saba hapa Kigombe. Nahodha ni mdogo wangu, mimi kazi yangu ni kutunza fungu la chombo. Kwa msomaji wa bara asiyejua utaratibu wetu, mapato ya safari yakishatolewa mafuta, barafu na chambo, kinachobaki hugawanywa mafungu, na chombo nacho hupata fungu lake. Fungu hilo ndilo linalonunua nyuzi, ndoana, nanga, na fishifainda. Likichezewa, boti inakaa pwani na mabaharia wanalala njaa pamoja na mwenye boti. Ndiyo maana sikukubali kununua kwa kusikia.

Fishifainda yetu ya zamani iliharibika wakati wa kusi lililopita. Kioo kilikuwa kinawaka vizuri, lakini mahali pa kina palibaki vistari vitupu. Muuzaji mmoja alituambia kifaa kizima kimekwisha. Hapo ndipo fedha nyingi za wavuvi zinapopotea, kwa hiyo nitapaeleza kwa kirefu. Kifaa hiki kina sehemu tatu: kioo kinachokaa juu, transdyusa inayokaa majini ikipiga mlio na kuupokea ukirudi, na umeme unaovilisha vyote viwili. Kioo kisipowaka kabisa, anza na fyuzi na vichwa vya betri kabla ya kumwita fundi. Kikizimika kila mashine inapopigwa, betri ni dhaifu au inagawana kazi na kuwashia mashine. Kikiwaka lakini hakisomi kina, shaka yote iende kwenye transdyusa, waya wake na plagi yake. Chumvi ikiingia kwenye plagi hufanya kutu ya kijani, na pini moja ikiliwa, sauti hairudi tena. Tuliazima transdyusa ya jirani mwenye kifaa cha aina hiyohiyo, tukachomeka, kina kikasomeka palepale ufukweni boti ikiwa inaelea. Kwa hiyo kioo kilikuwa kizima.

Lau transdyusa ya aina ile ingekuwa bado inatengenezwa, barua hii ingekuwa fupi. Haitengenezwi, na ya mtumba tuliyoipata ilitajwa bei karibu sawa na kifaa kipya kidogo. Tena anayenunua transdyusa peke yake na ahesabu pini za plagi, kwa kuwa ya pini 4 haiingii kwenye tundu la pini 8 bila adapta, na hata ikiingia, masafa yake yasipolingana na kioo hairudishi kitu cha maana.

Basi tukaamua kununua kipya, na swali likawa lile nililoanza nalo, yaani pima ngapi.

Mdogo wangu anavua chewa, changu na kungu kwenye miamba iliyo nje ya kisiwa cha Karange, kati ya pima 15 na 35, mara chache sana zaidi ya hapo. Pima 35 ni kama mita 64. Ukipita ukingo wa miamba kuelekea Mkondo wa Pemba, chini kunaporomoka mamia ya mita, lakini huko hatutii mshipi wa chini, tunakokota nguru juujuu tu. Kifaa kinachojisifu kufika mita 1,000 kinatusaidia nini? Wazee wetu walipima kwa bildi, yaani uzito wa kupimia kina, na kamba, na bildi yao ilikuwa ndefu kwa kadiri ya kazi yao.

Ufanyaji kazi wake si muujiza. Transdyusa inapiga mlio ambao sikio halisikii, mlio unashuka, unagonga chini au unagonga samaki, unarudi. Sauti katika maji ya bahari inakwenda karibu mita 1,500 kwa sekunde. Chini pakiwa mita 60, mlio unasafiri mita 120 kwenda na kurudi, na hilo huchukua sekunde 0.08. Kifaa kinapima muda huo na kuchora. Wajapani wa kampuni ya Furuno waliifanya elimu hii kuwa kitu cha kuuzwa kwa wavuvi mwaka 1948, kwa hiyo si jambo la majaribio tena, na mvuvi asitishwe na maneno ya kitaalamu.

Ila maneno mawili ayajue. La kwanza ni masafa, yanayopimwa kwa kilohezi. Mlio wa kilohezi 200 hushuka kwa umbo la pia (koni) nyembamba, na ule wa kilohezi 77 au 83 kama pia pana. Chukua transdyusa ambayo pia yake nyembamba ina pembe ya nyuzi 15 na pana ina pembe ya nyuzi 45. Kwenye mita 60 ile nyembamba inamulika duara la mita 16 hivi, na ile pana duara la karibu mita 50. Ukiwa unatafuta mwamba, tumia pana. Ukishaupata na unataka kujua chewa amelala upande gani, badili uende nyembamba, maana kwenye ile pana samaki aliye mita 20 kando ya boti huchorwa kana kwamba yuko chini yako, ukashusha mshipi kwenye mchanga mtupu. Yapo pia masafa ya 455 na 800, yanayotoa picha safi ya mwamba kama iliyochorwa kwa kalamu. Ni mazuri kwenye maji mafupi, lakini sauti ya namna hiyo huchoka upesi, hasa katika maji ya chumvi, na bei yake inapanda. Sisi tuliyaacha.

Neno la pili ni wati, na hapa nawaomba wauzaji waogope Mungu. Nguvu ya mlio huandikwa kwa njia mbili: wati za wastani, zinazoandikwa RMS, na wati za kilele hadi kilele. Hizi za pili ni kubwa mara nane. Kifaa cha wati 200 za wastani na kile kilichobandikwa wati 1,600 za kilele vinaweza kuwa na nguvu ileile. Nimeona sanduku lenye namba kubwa likiuzwa kama lenye nguvu zaidi kando ya lenye namba ndogo, wala hakuna aliyemweleza mnunuzi kwamba namba zile zimepimwa kwa vipimo viwili tofauti. Kwa kina chetu wati 200 za wastani zinatosha na kubaki.

Tulichokinunua ni Garmin Striker 4, kioo cha inchi 3.5. Kinatumia CHIRP, yaani badala ya mlio wa masafa mamoja kinapiga mlio unaopanda katika masafa mengi, na hivyo kinatenganisha vizuri zaidi samaki aliyeukaribia mwamba na mwamba wenyewe. Mtengenezaji anasema kinafika mita 228 katika maji ya chumvi. Marekani kifaa hiki huuzwa kati ya dola 100 na 150, kabla ya usafiri na ushuru. Lowrance na Humminbird nao wana vidogo vya daraja hilo, na anayeuziwa kimojawapo kwa bei nzuri asikiache kwa ajili ya barua yangu. Sisi lililotuvuta ni kioo kilichosimama wima chenye mistari 480 kutoka juu hadi chini. Kina cha mita 60 kikigawanywa kwa mistari hiyo, kila mstari unabeba sentimita 12 na nusu. Kwenye kioo cha mistari 240 kila mstari ungebeba sentimita 25, na changu aliyelala juu ya jiwe angemezwa na jiwe. Watu wanapima kioo kwa inchi za upana wakati samaki wa mshipi anatafutwa kwa urefu wa kwenda chini.

Kifaa hiki hakina ramani. Kina GPS na kinaweka alama, basi. Nahodha aliyekulia Kigombe haihitaji ramani ya dukani, anahitaji alama zake. Na alama ni mali. Kifaa kinapokufa, kinakufa na miamba yote mliyoitafuta kwa petroli ya miaka. Za kwetu zilinusurika kwa sababu kioo kilikuwa bado kinawaka, tukaketi sebuleni tukanakili zote kwenye daftari, moja baada ya moja, pamoja na kina chake na alama za nchi kavu ambazo wazee huzitumia. Andika hivyo leo kifaa kikiwa kizima. Angalia pia namna namba zinavyoandikwa, maana kifaa kimoja huandika digrii na dakika zenye desimali, kingine digrii zenye desimali tupu. Ukizichanganya, mwamba unahama kilomita nzima au zaidi.

Kuhusu kufunga, wenye boti za faiba nene isiyo na povu katikati wanaweza kuigandisha transdyusa ndani ya boti kwa epoksi isiyo na kiputo cha hewa, ikapiga mlio kupitia faiba. Inapoteza nguvu kidogo, lakini haing'olewi na mchanga boti inapovutwa pwani. Vyombo vingi vya pwani yetu ni vya mbao, na mbao haipitishi sauti inavyotakiwa. Hapo dawa ni mti ubavuni: bomba au ubao imara unaoshushwa majini mkifika kwenye mwamba na kupandishwa mkiondoka, mbali na povu la mashine. Sisi tumefanya hivyo ingawa boti ni ya faiba, kwa sababu tezi, yaani nyuma ya boti yetu, inakula mchanga kila tunapopanda. Betri ni ndogo ya volti 12, amp-saa 7, iliyo peke yake ndani ya ndoo yenye kifuniko, na fyuzi karibu na kichwa chake. Mkirudi, kila kitu kinaoshwa kwa maji yasiyo na chumvi na plagi inakaushwa.

Vile vidude vya mviringo kama mpira vinavyoelea na kupeleka picha kwenye simu vinamfaa mwenye mtumbwi wa kukodi, ila avitumie mahali pa maji mafupi na akumbuke kwamba kioo cha simu hakisomeki vizuri kwenye jua la saa sita.

Na zimeni zile picha za visamaki. Kifaa huwekwa namna ya kugeuza kila kinachoakisi sauti kuwa kisamaki cha kuchora, hata povu na wingu la viumbe wadogo. Mdogo wangu anasoma michirizi na matao yenyewe, na mabaharia wake vijana nao wamejifunza.

Nimesikia wazee wa hapa wakisema vifaa hivi vitamaliza bahari. Nawaheshimu, na wana sababu, kwani nyavu za ringi zikipewa macho haya juu ya taa zake zinaweza kuzoa kundi zima la vibua kwa usiku mmoja. Lakini mshipi wenye ndoana mbili hauzoi. Kwetu kifaa hiki kinapunguza saa za kuzunguka mashine ikinguruma, na petroli ndiyo inayotunyonya kuliko kitu kingine. Kinatuonya pia tunapokaribia mwamba usiku maji yakiwa yamekupwa wakati wa bamvua. Sheria iwatazame wenye nyavu, mvuvi wa mshipi asinyimwe.

Serikali imekuwa ikikopesha boti za kisasa zilizofungwa vifaa vya namna hii, na ni jambo jema ninalolipongeza kwa moyo. Ninachoomba ni kwamba anayekabidhiwa boti akabidhiwe pia siku moja baharini na fundi anayejua, aoneshwe namna ya kubadili masafa, kusoma kina kwa pima na kunakili alama. Na siku kifaa kikiharibika, asiachwe peke yake na muuzaji. Vikundi vya ufukweni vikiwa na transdyusa moja nzima ya kujaribia, kila mwenye kifaa cha aina hiyo atajua kwa dakika tano kilichokufa ni kipi, akanunue hicho tu.

Wauzaji nao nawaomba waandike wati za wastani kwenye karatasi ya bei, wauze transdyusa na waya peke yake, na wamruhusu mnunuzi akijaribu kifaa majini kabla ya kulipa. Atakayefanya hivyo Tanga, mimi mwenyewe nitampelekea wateja kutoka Kigombe hadi Tongoni.

Wenu,
Mwalimu mstaafu na mwenye boti,
Kigombe, Tanga